Bahari ya lita hamsini: kutunza maji ya akwariamu ndogo ya chumvi Dodoma

Mwenye akwariamu ndogo ya maji chumvi Dodoma aanze kwa kuuelewa mvuke, kabla hajafikiria samaki, taa wala kichujio. Maji yanapopotea hewani huondoka peke yake. Chumvi haiendi nayo, chokaa haiendi, nitrati haiendi. Vyote vinabaki ndani ya kioo, na chochote utakachoingiza kufidia maji yaliyopotea kinajumlishwa juu ya kilichobaki. Dodoma iko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari, kiangazi chake huanza Mei na kuburura mpaka Novemba, hewa ni kavu na upepo hautulii. Maji ya tangi lisilofunikwa hukauka hapa kama nguo iliyoanikwa uani.

Chukua tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 36. Kwa hesabu ya vioo linabeba lita 65 hivi. Ukishaweka mchanga na mawe na kuacha nafasi juu, maji halisi ni lita 50 hivi, na hizo 50 ndizo za kupigia hesabu kila unapopima chumvi au dawa. Uso wa maji ni sentimita za mraba 1,800, kwa hiyo kila sentimita moja inayoshuka ni lita 1.8. Likishuka sentimita 3, lita 5.4 zimeondoka, na maji yaliyokuwa na gramu 35 za chumvi kwa lita sasa yana gramu 39 na ushee. Samaki mwenye afya atavumilia. Kamba wadogo, konokono na matumbawe wataanza kuteseka. Kisha mwenye tangi anashtuka, anamwaga lita tano za maji matamu kwa mkupuo mmoja, na chumvi inarudi 35 ndani ya dakika chache. Huko kurushwa juu na chini kila wiki kunaumiza viumbe kuliko kiwango chenyewe; tangi linalokaa 34 mwaka mzima ni salama kuliko linaloyumba kati ya 34 na 39.

Dawa yake ni kujaza kila siku, kidogo kidogo, kwa maji yasiyo na chumvi. Bandika kipande cha utepe nje ya kioo penye usawa wa maji, na kila asubuhi rudisha maji mpaka kwenye utepe. Kosa linalorudiwa mno ni kufidia mvuke kwa maji chumvi, kwa hoja kwamba tangi ni la maji chumvi. Chumvi yako haijaenda popote. Ukiongeza nyingine unaikoleza. Maji chumvi mapya huingia pale tu ulipotoa maji chumvi ya zamani kwa mkono wako.

Asiyeweza kujaza kila asubuhi afunge chupa ya lita 1.5 juu ya tangi ikiwa imepinduliwa, mdomo wake ukigusa uso wa maji. Maji yakishuka, hewa inaingia mdomoni na chupa inatema maji mpaka mdomo uzibwe tena. Ni kanuni ileile ya chombo cha kunyweshea vifaranga. Haina umeme, haina sehemu ya kuharibika, ila lazima chupa ishikiliwe imara isije ikadondoka.

Maji ya kujazia

Maji mengi ya mji wa Dodoma yanatoka visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora kaskazini mwa mji. Ni maji ya ardhini, na maji ya ardhini hubeba madini ya miamba yaliyopita. Ule ukoko mweupe ndani ya birika la chai ndio ushahidi wake: maji yamechemka yakaondoka, madini yamebaki. Tangi lako linafanya kazi ya birika hilo, polepole, bila moto.

Hesabu ni nyepesi. Ukijaza lita moja kila siku, baada ya siku 50 umeingiza madini ya tangi zima na hujatoa hata chembe. Tuseme maji yako yana miligramu 20 za nitrati kwa lita, kiwango kisicho na tatizo kwa kunywa, kwani mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50. Lita moja kwa siku katika tangi la lita 50 inaongeza miligramu 0.4 kwa lita kila siku, yaani 12 kwa mwezi, kabla samaki hajala hata punje. Pamoja na nitrati huja silika, ambayo inalisha ule mwani wa kahawia unaofunika kioo na mchanga kama vumbi. Watu huusugua, unarudi baada ya siku tatu, wanausugua tena, wakati chakula chake kinaingia kila asubuhi kwa kikombe. Klorini ya bomba nayo huua bakteria wanaosafisha maji. Hiyo angalau huondoka ukiacha maji kwenye ndoo iliyo wazi yakipulizwa na pampu ya hewa kwa saa 24. Madini kama nitrati na silika hayaondoki kwa kupulizwa, wala kwa kuchemsha, wala kwa kuchuja kwa kitambaa.

Kinachoyaondoa ni mashine ya RO, inayosukuma maji kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, ikifuatiwa na kopo la rezini linalonasa kilichoponyoka. Kabla ya kuinunua, fahamu mambo mawili. Kwanza, utando unahitaji msukumo wa bar 3 na nusu mpaka 4. Maji yanayoshuka kutoka kwenye simtanki hupata bar moja kwa kila mita 10 za kimo, hivyo simtanki lililo juu ya mnara wa mita 3 linatoa bar 0.3 tu, mashine itadondosha matone na maji yatakayotoka hayatakuwa safi. Kwa nyumba nyingi za Dodoma ni lazima mashine iwe na pampu yake ya kusukuma. Pili, kwa kila lita safi mashine hutupa lita tatu au nne. Maji hayo ni ya bomba yaliyokolea kidogo, yanafaa kudekia, kufulia na kumwagilia miti ya kivuli. Weka ndoo pale bomba la kutupia linapotokea. Katika mji ambao maji huja kwa zamu, kuyaacha yaende mtaroni ni jambo lisilokubalika.

Wasio na mashine hununua maji ya kunywa yaliyosafishwa kwa dumu. Yanafaa, ila si yote, kwa sababu watengenezaji wengine huyarudishia madini ili yawe na ladha. Nunua kipima TDS, yaani jumla ya madini yaliyoyeyuka, kikalamu kidogo cha betri kinachochovywa kwenye maji na kutoa namba. Maji ya mashine nzuri yenye rezini husoma 0 mpaka 5. Ya dumu yakisoma chini ya 20, yachukue. Yakisoma 100 na zaidi, yanywe, usiyapeleke kwenye tangi. Pima kila dumu, hata kama muuzaji ni yuleyule.

Maji ya mvua ni masafi kiasili, lakini mvua ya Dodoma hunyesha kati ya Desemba na Aprili tu, na mapaa yetu ni ya mabati. Bati hufunikwa kwa zinki, na zinki kidogo tu inatosha kuua kamba na konokono. Ukitaka ya mvua, tandaza karatasi safi ya plastiki uwanjani, acha nusu saa ya kwanza ioshe vumbi la hewani, ndipo ukinge.

Chumvi

Chumvi ya mezani haifai, na sababu kubwa si madini joto yaliyoongezwa. Chumvi ile karibu yote ni kloridi ya sodiamu, wakati maji ya bahari yana pia miligramu 400 hivi za kalsiamu na 1,300 za magnesiamu kwa lita, pamoja na potasiamu, baikaboneti na vingine vingi.

Basi wapo wanaofikiri chumvi ya mawe ya mashamba ya Bagamoyo au Lindi itakuwa bahari kamili, kwa kuwa imetoka baharini. Tazama inavyotengenezwa. Maji ya bahari yanapokaushwa na jua kwenye majaruba, chokaa hutangulia kuganda, kisha jasi, na kalsiamu nyingi inabaki kwenye sakafu ya majaruba ya mwanzo. Ndipo chumvi yenyewe inaganda. Magnesiamu na potasiamu hubaki kwenye maji machungu ya mwisho, ambayo humwagwa. Anayeichota chumvi ile na kuirudisha kwenye maji hapati bahari. Anapata maji ya kupikia ugali wa chumvi. Samaki ataishi humo siku kadhaa huku maji yakikosa nguvu ya kuzuia asidi, na mwenye tangi atalaumu kichujio.

Inayotakiwa ni chumvi maalumu ya akwariamu, gramu 35 mpaka 38 kwa lita kutegemea mtengenezaji. Kwa ndoo ya lita 20, anza na gramu 720. Weka maji kwanza, pampu ikizunguka, joto nyuzi 25, kisha nyunyiza chumvi taratibu. Ukimimina maji juu ya chumvi, chini ya ndoo chumvi inakuwa nzito mno kwa muda, kalsiamu na baikaboneti zinakutana na kuganda kuwa chokaa. Maji yanageuka ya maziwa na kile kilichoganda hakirudi tena. Acha yazunguke usiku kucha, asubuhi upime. Ndoo iwe ya chakula, isiyowahi kubeba sabuni wala rangi.

Kupima, tumia refraktomita, kifaa kinachosoma chumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga. Kile kipimo cha mshale wa plastiki hudanganywa na viputo vya hewa vinavyoung'ang'ania mshale na kuuinua, kikaonyesha chumvi nyingi kuliko iliyopo. Refraktomita nayo husogea, na kuisahihisha kwa maji safi peke yake hakutoshi: inaweza kusoma 0 vizuri na kukosea kwenye 35, ambako ndiko unakoitumia. Tengeneza maji ya kuisahihishia kwa mizani ya jikoni inayosoma mpaka sehemu ya kumi ya gramu: gramu 36.5 za chumvi ya mezani iliyo kavu katika gramu 963.5 za maji ya RO. Mchanganyiko huo hupinda mwanga sawasawa na maji ya bahari ya 35. Weka tone, zungusha skrubu mpaka mstari uguse 35, yaani uzito linganishi wa 1.026. Yafunike, na uyatumie kila mwezi.

Njia nyingine ni maji ya bahari yenyewe. Kutoka Dar es Salaam ni kilomita 450 hivi, na kwa tangi linalobadilishwa lita 5 kwa wiki, dumu moja la lita 20 linatosha mwezi. Wanaosafiri mara kwa mara wanaweza kulifikiria. Yachotwe wakati maji yamejaa, bora siku za bamvua, upande wa bahari wazi kama fukwe za nje za Kigamboni, mbali na bandari na mdomo wa Mto Msimbazi, na kamwe si siku zinazofuata mvua kubwa za masika. Yakifika, chuja kwa kitambaa safi cheupe na uyahifadhi gizani wiki mbili, ili viumbe vidogo vilivyomo vife na kutuama. Kisha nyonya maji ya juu, yapulizwe hewa siku nzima, pima chumvi na amonia, ndipo yaingie. Maji tu: mawe na matumbawe hayachotwi. Matumbawe yote ya mawe yamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na hifadhi zetu za bahari zina ulinzi wa sheria.

Bakteria kabla ya samaki

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kinachooza hutoa nyingine. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Bakteria hao hukaa kwenye vinyweleo vya mawe, kwenye mchanga na kwenye sponji. Ndani ya maji yenyewe ni wachache. Ndiyo sababu unaweza kubadilisha maji bila kuharibu tangi, lakini ukiosha mawe na sponji kwa maji ya bomba siku moja, umelirudisha mwanzo.

Katika maji chumvi amonia ni adui mkali kuliko ilivyo kwa samaki wa maji matamu. Kadiri pH inavyopanda, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika umbo lenye sumu. Kwenye pH 8.2 umbo hilo ni zaidi ya mara kumi ya lilivyo kwenye pH 7. Nitriti ni kinyume: kloridi nyingi iliyomo hushindana nayo mlangoni mwa matamvua, na samaki wa bahari huivumilia vizuri. Kwa hiyo ukiona nitriti imepanda huku amonia ikiwa sifuri, hakuna haja ya kuhangaika usiku.

Kulianzisha tangi kunachukua wiki nne mpaka sita bila samaki. Weka maji, mawe na mchanga, washa pampu na hita, kisha tumbukiza kipande cha kamba mbichi ukubwa wa ncha ya kidole gumba, au kloridi ya amonia mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Pima kila baada ya siku mbili. Amonia itapanda, itaanza kushuka huku nitriti ikipanda, kisha nitriti nayo itashuka. Usiamini kipimo cha nitrati wakati nitriti ipo, kwani nitriti hukidanganya kisome juu sana. Tangi liko tayari siku unapoweza kuongeza amonia ya miligramu 2 na kukuta sifuri ya amonia na ya nitriti baada ya saa 24. Badilisha nusu ya maji, ingiza samaki mmoja mdogo, ngoja wiki mbili au tatu kabla ya wa pili. Lita 50 ni nyumba ya samaki wadogo wawili. Watatu ni wengi, hata kama duka limewaweka kumi kwenye tangi la namna hiyo; pale dukani wanakaa siku chache tu.

Nitrati, na kwa nini kubadilisha maji hakutoshi

Watu wengi hupima nitrati, wakakuta 50, wakabadilisha asilimia 10 ya maji, wakapima tena na kukuta 45, wakadhani kipimo kimeharibika. Kipimo ni kizima. Ukitoa sehemu ya kumi ya maji, umetoa sehemu ya kumi ya nitrati, basi.

Fuatilia hesabu hii, maana ndiyo inayoamua hali ya tangi kwa miaka. Tuseme chakula unachotia kinazalisha miligramu 5 za nitrati kwa lita kila wiki, nawe unabadilisha asilimia 10 kila wiki. Nitrati itaendelea kupanda mpaka pale ambapo sehemu ya kumi unayotoa inalingana na 5 zinazoingia, yaani mpaka 50. Itakaa hapo, hata ufanye kazi hiyo bila kukosa. Ukibadilisha asilimia 20, itatulia kwenye 25. Ukipunguza chakula kwa nusu na kubaki na asilimia 20, itatulia kwenye 12 na nusu. Lengo la tangi lenye samaki na matumbawe laini ni chini ya 20. Lenye matumbawe magumu, chini ya 10. Njia nafuu ya kufika huko ipo mkononi mwa anayelisha. Samaki wawili wadogo wanashiba kwa kiasi wanachokimaliza ndani ya dakika moja, mara moja au mbili kwa siku. Chakula cha kugandishwa kiyeyushwe kwenye chujio la chai, kisuuzwe kwa maji ya RO, na yale maji ya rangi yamwagwe nje, yamejaa fosfati.

Kabla ya kuogopa namba, soma karatasi ya kipimo. Vingine huhesabu nitrojeni peke yake, na hapo unazidisha kwa 4.4 kupata nitrati.

Siku ya kubadilisha maji chomoa hita kwanza, kwani ikibaki inawaka nje ya maji kioo chake hupasuka. Kwa mpira wa milimita 12 nyonya lita 5 mpaka 10 ukipitisha mdomo juu ya mchanga ili uchafu uondoke pamoja na maji. Ndani ya ndoo hiyo ya maji machafu kamua sponji. Usiipeleke kwenye bomba. Sponji ikamuliwe kila siku tatu au nne, sababu chakula kilichonaswa hakijatoka kwenye tangi, kinaozea humo. Maji mapya yawe na chumvi sawa na joto sawa, yamiminwe taratibu.

Kuna hali moja inayotaka uangalifu. Tangi lililotelekezwa miezi mingi huwa na pH ya chini na amonia iliyolala katika umbo lisilo na sumu kali. Ukibadilisha nusu ya maji siku hiyohiyo, pH inaruka juu na amonia inayobaki inaamka. Samaki wanakufa jioni, na lawama zinakwenda kwa maji mapya. Hapo badilisha asilimia 10 kila siku kwa wiki nzima, bila kulisha.

Nguvu ya kuzuia asidi

Bakteria wanapochakata amonia hula alkalini ya maji, ile akiba inayoizuia pH isianguke. Matumbawe na konokono huila pia wanapojenga magamba. Iweke kati ya 8 na 9 kwa kipimo cha dKH, na pH itajishikilia yenyewe kati ya 8.0 na 8.4.

Ikishuka, tumia baikaboneti ya sodiamu, ile soda ya kuokea isiyochanganywa na kitu. Gramu 1.5, kama theluthi ya kijiko cha chai, hupandisha dKH moja katika lita 50. Ikoroge kwenye kikombe cha maji ya RO, mimina penye mkondo, na usizidishe dKH moja kwa siku. Poda ya kuumulia keki haifai, ina wanga na asidi za fosfati. Magadi ya kulainishia maharage hayafai pia, hakuna ajuaye yamebeba nini.

Mara nyingine alkalini ni nzuri lakini pH imekaa 7.8. Hutokea sana Juni na Julai, watu wanapofunga madirisha kwa baridi na hewa ya ukaa kujaa chumbani. Chota bilauri ya maji ya tangi, ipeleke uani, ipulize hewa kwa pampu saa moja, upime tena. Ikipanda, tatizo ni hewa ya chumba. Fungua dirisha, acha soda kabatini.

Joto na pumzi

Maji chumvi hushika oksijeni pungufu kwa karibu sehemu ya tano kuliko maji matamu. Na kwa kimo cha Dodoma, hewa ina asilimia 87 hivi tu ya shinikizo la pwani. Kwa nyuzi 25, maji ya bahari Dar es Salaam hushiba oksijeni kwenye miligramu 6.7 kwa lita. Hapa ni 5.9. Yakipanda hadi nyuzi 30 ni 5.4. Tangi ambalo lingehimili samaki watatu Kigamboni halina pumzi hiyo hapa Dodoma, Kisasa au Ipagala. Kwa hiyo mkondo wa pampu uelekezwe juu, uso wa maji utetemeke wakati wote, na pampu zote kwa jumla zizungushe lita 500 mpaka 1,000 kwa saa.

Joto linalofaa ni nyuzi 25 mpaka 26. Usiku wa Julai, nje hushuka mpaka nyuzi 13 au 14, na hita ya wati 50 inahitajika kwa tangi la lita 50. Oktoba na Novemba tatizo hugeuka. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 au 3, na hapa ukavu wa hewa unakuwa msaada: feni hiyohiyo Tanga au Dar es Salaam ingefanya kazi ndogo kwa sababu ya unyevu. Lakini inapooza kwa kuvukiza. Siku utakayoiwasha, tarajia kujaza karibu mara mbili ya kawaida, na rudi kwenye utepe wako asubuhi na jioni. Badala ya kifuniko cha kioo kizima kinachofungia joto, tandika wavu mwembamba, unaoruhusu hewa na kuzuia samaki kuruka.

Umeme ukikatika, kinachoisha kwanza ni oksijeni. Pampu ya hewa ya betri, au ya kuchomeka kwenye pawabenki, ndiyo kifaa cha kwanza cha akiba kununua, kabla ya taa nzuri. Usilishe mpaka umeme urudi. Kama kichujio chako ni cha kopo lililofungwa na kimesimama zaidi ya saa mbili, usikiwashe hivyohivyo: ndani bakteria wamekosa hewa na maji yamechacha. Yamwage, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo ukiwashe.

Dawa ya mbu ya kupuliza isitumike kabisa chumba chenye tangi. Dawa zile zimetengenezwa kuua wadudu, na kamba ni ndugu wa wadudu. Pampu ya hewa huzivuta na kuzizamisha moja kwa moja. Lala ndani ya chandarua. Mikono ioshwe kwa maji tu na isiwe na mafuta ya kujipaka. Dawa za samaki zenye shaba zitumike kwenye ndoo ya karantini, kwa sababu shaba ikishaingia kwenye mawe huendelea kuua konokono miezi mingi baadaye.

Ukisafiri siku tatu nne, jaza chupa nne za lita moja maji ya RO na uziandike majina ya siku. Gawa chakula kwenye vipande vinne vya karatasi, navyo uviandike siku. Kopo lenyewe ondoka nalo au lifungie, kwa sababu anayebaki nyumbani akiwaona samaki wanamfuata kiooni atadhani wana njaa. Mwonyeshe utepe, mwambie maji yafike pale na yasizidi, na mwachie pampu ya betri ikiwa imechajiwa juu ya kabati, mpira wake ukiwa tayari ndani ya tangi.